Mzigo wa Mkononi na Samli ya Mama

Ndugu msomaji, na hasa wewe mwanafunzi unayejifunza Kiswahili mbali na pwani kilikozaliwa, juma lililopita niliulizwa swali darasani likanikosesha usingizi. Tulikuwa tukipitia msamiati wa safari: abiria, tiketi, rubani, ukaguzi, forodha. Nilipofika kwenye "mzigo wa mkononi", mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono. "Mwalimu, kwani kuna mzigo usiobebwa kwa mkono?" Darasa likacheka. Nikamjibu harakaharaka kwamba upo unaobebwa kichwani, wakacheka tena, kengele ikalia, nami nikaokoka.

Lakini sikuokoka. Neno "mzigo" lina kisa nyumbani kwetu Buganda, na mimi ambaye kazi yangu ni maneno nimekikwepa kisa hicho kwa muda mrefu. Leo nitakusimulia, na katika kusimulia nitakueleza kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa ndani ya begi unaloingia nalo kwenye ndege. Usiseme hujawahi kupanda ndege. Hata mimi nilisema hivyo hadi siku niliyopanda.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Dar es Salaam. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama aliapa kwamba mjukuu hatatimiza siku arobaini bila kuguswa na mikono yake. Tukachanga fedha. Nauli ya ndege kutoka nchi jirani ilikuwa nafuu kuliko ya kwetu, hivyo tukavuka mpaka kwa basi usiku kucha ili tupande ndege upande wa pili. Kiwanja chenyewe sitakitaja, maana nitakalosimulia lingeweza kutokea popote. Tiketi zetu zilikuwa za bei ya chini kabisa: kila mmoja aliruhusiwa begi moja la mkononi lenye kilo saba, basi. Mzigo wa kuwekwa tumboni mwa ndege ulilipiwa zaidi, na sisi hatukuwa na cha zaidi.

Ndani ya begi la mama, likiwa limezungushiwa kitenge, mlikuwa na kopo la lita moja la samli. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa majuma kadhaa, akikusanya siagi kidogo kidogo kutoka kwa ng'ombe wake wawili, akiichemsha na kuichuja. Ilikuwa ya kumpaka mtoto na ya kumpikia mzazi. Niliiona akiipakia. Sikusema neno.

Tulipofika kwenye mashine ya eksirei, kijana aliyevaa sare alimtazama mama na kumuuliza kwa sauti kavu: "Mzigo wako uko wapi?"

Hapa lazima nisimame nikufundishe kidogo. Kwa Kiswahili, mzigo ni kitu cha kubebwa, ngeli ya M-MI: mzigo wangu, mizigo yangu. Kwa Luganda, omuzigo ni samli, au siagi, au mafuta ya kupikia. Wingi wake ni emizigo. Maneno hayo mawili yana sura moja na ngeli moja, lakini maana zake hazikutani hata kidogo. Walimu wa lugha huyaita maneno ya namna hii marafiki wa uongo. Mama yangu hajui Kiswahili zaidi ya maneno machache. Alichosikia ni kwamba kijana yule anamuulizia samli. Uso wake ukachangamka, kwa kuwa alidhani amekutana na mtu anayejua thamani ya kitu alichobeba. Akafungua begi, akakunjua kitenge, akalinyanyua kopo kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mgeni zawadi.

"Toa! Weka huku! Hii haipiti!"

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Niliuona mgongo wa mama ukikakamaa.

Ili uelewe, yafaa ujue Kiswahili kiliingiaje masikioni mwa watu wa rika lake. Kwetu Uganda lugha hii ilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi waliisikia kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwepo misako iliyoitwa kwa Kiswahili "panda gari". Askari walizingira mtaa, wakawatoa watu majumbani, wakawaamuru wapande malori. Baadhi yao hawakurudi. Mama alikuwa msichana wakati huo. Ukimuuliza leo ni maneno gani ya Kiswahili anayoyajua tangu zamani, atakutajia: toa, fungua, lala chini, panda gari. Yote ni vitenzi vya amri. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mimi nikapata kazi ya kukifundisha. Lakini katiba inaporekebishwa, masikio ya mama yangu hayarekebishwi pamoja nayo.

Basi alipoambiwa "toa", alitoa. Hakubisha, hakuuliza. Aliliacha kopo juu ya meza ya chuma, akarudi nyuma, akainamisha macho. Nilipomfikia alinong'ona kwa Luganda: "Wameichukua. Waache. Usiseme kitu."

Mimi, mwalimu mwenye stashahada, niliyewahi kuwaandikia wanafunzi mazungumzo mazuri kuhusu safari ya ndege, sikuwa na la kusema. Nilijua kuunda sentensi kwa kila neno la mahali pale, ila sikuijua kanuni. Na kwa kuwa sikuijua, nami niliamini kwa dakika nzima kwamba tunaibiwa.

Aliyetuokoa ni mkaguzi mwingine, mwanamke wa makamo, aliyekuwa ameketi mbele ya kioo cha mashine. Aliinuka, akaja, akasema: "Shikamoo, mama." Hilo mama alilielewa, kwa sababu mimi humsalimia hivyo kwa utani. Kisha akanigeukia: "Mwambie hatumnyang'anyi. Mwambie nitamweleza." Alieleza taratibu, nami nikafasiri sentensi kwa sentensi. Alichosema, pamoja na niliyojifunza baadaye, ndicho ninachokupa sasa.

Tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamewakamata watu waliopanga kulipua ndege za kutoka London kwenda Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile mashine za ukaguzi ziliweza kuonyesha kisu au bastola, lakini hazikuweza kutofautisha maji na kitu kingine kilicho kama maji. Mwanzoni vimiminika karibu vyote vilipigwa marufuku. Baada ya miezi michache ikapatikana kanuni ya kati, ambayo nchi nyingi duniani zinaifuata: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vikae ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaong'aa na kufungika, wenye ujazo usiozidi lita moja. Abiria mmoja, mfuko mmoja.

Angalia neno "chombo". Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na mafuta ya nywele robo tu haipiti, hata ukiapa. Watu wengi hukwama hapo, nao huondoka wakilaumu.

Na kimiminika ni nini? Usiende kwenye kamusi pekee. Samli ya mama ilikuwa imeganda asubuhi ile, ngumu kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Mimi ningeapa kwamba si kimiminika. Mkaguzi yule alinipa kipimo ambacho tangu siku hiyo nimekitumia kufundishia kauli ya kutendwa. Jiulize, alisema, kama kitu hicho humiminwa, hupakwa, hukamuliwa au hupulizwa. Maji na sharubati humiminwa. Samli, losheni, siagi ya karanga na jamu hupakwa. Dawa ya meno hukamuliwa. Manukato hupulizwa. Kinachoingia katika kimojawapo cha vitenzi hivyo kinahesabiwa pamoja na maji. Asali vilevile. Mkate, chapati, karanga kavu, nguo na vitabu havimo. Ndizi ulizopika zikakauka zitapita. Mchuzi wake hautapita.

Zipo nafuu, na hizi ni haki zako, uzijue. Dawa unazohitaji safarini na maziwa au chakula cha mtoto mchanga anayesafiri huruhusiwa kuzidi mililita 100, kwa kiasi kinacholingana na safari. Uviseme mapema na kuviweka peke yake, wala usingoje vigunduliwe. Kama ni dawa ya sindano, chukua cheti cha daktari na uiache dawa katika kasha lake lenye jina lako. Vilevile, ukitakiwa kupapaswa, kwa desturi ya viwanja vingi mwanamke hukaguliwa na mwanamke, na unaweza kuomba ukaguzi huo ufanyike faraghani. Kuomba hivyo si utovu wa nidhamu.

Nilipomaliza kufasiri, mama aliuliza swali moja: "Na hiyo wanayoichukua, wanaila?" Niliona aibu kulifasiri. Nikalifasiri. Mkaguzi hakuudhika. Alituonyesha pipa kubwa lililokuwa limejaa chupa za maji, losheni na marashi ya watu wa kila aina, pamoja na chupa moja ya pombe ya bei kubwa. "Hata ya mkubwa fulani imo humu," alisema. Hapo ndipo mama alipoinua macho.

Akatueleza pia kwamba tulikuwa na hiari. Tungeweza kurudi kaunta tukalipia kopo lile liende tumboni mwa ndege, kwa maana kanuni ya mililita 100 haihusu mzigo wa huko. Tungeweza kumpa mtu aliyetusindikiza, kama yupo. Au tungeliacha. Niliuliza bei ya kulipia: ilikuwa kubwa kuliko thamani ya ng'ombe mzima kwa mahesabu ya mama, ingawa hapo mama alitia chumvi.

Alifikiri kidogo. Kisha akachomoa kutoka mfukoni mwa gomesi lake kikopo cha mafuta ya kujipaka, kile kidogo cha duara, kilichokuwa kimekaribia kwisha. Alimwonyesha mkaguzi maandishi ya chini: mililita 100. Mama hajui kusoma sana, lakini tarakimu anazijua vizuri, ndizo anazouzia maziwa. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Tukasogea kando ya foleni. Mama akakifuta kikopo kwa leso mpaka kikang'aa, akachota samli kwa ncha ya kijiko, akaishindilia isibaki nafasi ya hewa. Iliyobaki akaimwaga pipani kwa mkono wake mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine aimwage.

Nimekaa na picha hiyo muda mrefu. Ni samli ileile iliyopotea, kwa kanuni ileile. Lakini mwanamke aliyekuwa amesema "waache, usiseme kitu" ndiye aliyesimama pale akichagua.

Turudi kwenye begi lako, kwa maana kuna jambo la pili ambalo vijana mnakosea kuliko wazee. Ni betri za akiba, hizi mnazoziita pawabenki. Vimiminika vingi hukataliwa mkononi na kukubaliwa tumboni; pawabenki ni kinyume chake. Hairuhusiwi kabisa kuwekwa kwenye mzigo wa tumboni, lazima uwe nayo wewe. Sababu yake ni hii: betri za lithiamu zikiharibika au zikigusana vibaya huweza kuwaka zenyewe, na moto wake ni mkaidi. Ukiwaka mbele ya abiria, wahudumu huuona na kuukabili kwa maji mara moja. Ukiwaka katikati ya mabegi mia mahali asipoingia mtu, ni habari nyingine. Ndiyo maana ukiambiwa mlangoni kwamba ndege imejaa na begi lako litashushwa chini, jambo la kwanza ni kutoa pawabenki na betri zote za akiba kabla hujaliachia.

Kuna kiwango pia, na mwalimu wa fizikia atafurahi nikikieleza. Kanuni hupima kwa wati-saa. Chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 ina wati-saa 74. Mpaka wati-saa 100 hakuna shida. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya kampuni ya ndege, na huruhusiwi zaidi ya mbili. Juu ya 160 abiria hasafiri nayo. Kampuni nyingine zina masharti makali zaidi, kwa mfano kutoitumia angani. Zile za mitaani zilizofutika maandishi zinaweza kukataliwa, kwa kuwa mkaguzi hana pa kusoma. Mimi nisingemlaumu.

Kuhusu vyenye makali sina haja ya kusema mengi. Baada ya mashambulizi ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001, ambapo watekaji waliingia ndani na visu vidogo vya kukatia, hakuna anayecheza na makali. Kisu cha jikoni, wembe mtupu, bisibisi ndefu, nyundo: weka chini. Mkasi mdogo unategemea nchi. Wengi hutumia kipimo cha sentimita 6 za makali, wengine hawataki kabisa. Kama unampelekea shemeji panga jipya, nalo likae tumboni mwa ndege. Kiberiti kimoja cha gesi kidogo huruhusiwa mfukoni katika viwanja vingi, si katika vyote. Petroli, mtungi wa gesi ya kupikia na fataki havisafiri na abiria popote, juu wala chini.

Na tafadhali chunga ulimi. Katika lugha ya mitaani ya Tanzania na Kenya, kitu kizuri sana huitwa "bomba". Mwanafunzi wangu mmoja, aliyejifunza neno hilo kwenye nyimbo, aliandika katika insha kwamba viatu vyake vipya ni "bomu". Darasani nilikata alama moja. Kiwanjani, sentensi hiyo ingemkosesha ndege, na pengine usiku mzima wa maswali, kwa kuwa neno hilo halipokewi kama utani mahali pale.

Sasa nikuombe usimame nami kidogo kwenye jambo ambalo raia wengi hawalitenganishi. Unapoambiwa "hii haipiti", jiulize ni nani anayesema. Kuna milango minne, si mmoja. Wa kwanza ni wa kampuni ya ndege: huyo anapima kilo na ukubwa wa begi. Kilo zetu saba hazikuwa sheria ya nchi, zilikuwa sharti la tiketi, na kampuni nyingine ingetupa zaidi. Wa pili ni wa usalama, ambao ndio uliochukua samli. Huo una mizizi mirefu: Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montreal nchini Kanada. Mkataba huo una viambatisho, na cha 17 kinahusu usalama dhidi ya vitendo vya kihalifu. Lakini shirika hilo halina askari kiwanjani. Kila nchi hutunga sheria zake na kuzisimamia kwa mamlaka yake ya usafiri wa anga. Ndiyo sababu kinachopita hapa kinaweza kukataliwa kule. Viwanja kadhaa vya Ulaya vimeshaweka mashine mpya zinazochunguza ndani ya chupa, na huko kanuni imelegezwa. Kama unaunganisha safari, fuata kiwanja kilicho kikali kuliko vyote njiani mwako.

Mlango wa tatu ni forodha, na wa nne ni wakaguzi wa mimea na mifugo kule unakokwenda. Mkungu wa matoke unaweza kupita kwenye mashine bila neno, kwa sababu ndizi si bomu wala si maji, halafu ukazuiwa unakofika, kwa sababu ndizi hubeba magonjwa ya migomba. Hata ile samli, kwa kuwa ni zao la mfugo, ilistahili kutajwa tulipotua, nasi tuliitaja. Na katika nchi zetu uongeze mlango wa tano, wa kaveera. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilikuwa imeshatangulia tangu 2008. Kanuni ya ndege inakutaka uwe na mfuko wa plastiki, kanuni ya mazingira inakukataza! Tanzania ilipotoa katazo lake ilieleza kwamba mifuko midogo yenye kufungika ya vitu vya kuogea inaruhusiwa, mradi msafiri aondoke nayo. Mimi wa kwangu nimeutunza mpaka leo, umechakaa pembeni lakini unafunga.

Mtu anayejua yuko mlango gani hujua amuulize nani, na aulize nini. "Samahani afande, tatizo ni uzito au ni kitu chenyewe?" Sentensi hiyo fupi imenisaidia zaidi ya insha zote nilizowahi kusahihisha. Nisikudanganye lakini: mkaguzi ana mamlaka ya kukataa hata kitu kisichotajwa katika orodha akiona kina hatari, na pale mezani ubishi haukusaidii. Lakini sheria inayompa mamlaka ya kukataa haimkatazi kueleza. Kijana yule wa kwanza na mama yule wa makamo walitekeleza kanuni moja. Mmoja alituachia hofu ya mwaka 1982, mwingine alituachia kikopo.

Kwa hiyo, wewe unayejifunza Kiswahili na ambaye pengine siku moja utavaa sare, nimebadili kitu katika masomo yangu. Zamani nilianza vitenzi kwa hali ya kuamuru, kwa kuwa ni rahisi: toa, fungua, weka, panda. Siku hizi naanza na "naomba ufungue", "tafadhali weka hapa", "nitakueleza kwa nini". Wanafunzi hulalamika kwamba ni ndefu. Ni ndefu kweli, na zina viambishi vingi. Huwaambia wavumilie.

Dar es Salaam tulikaa majuma matatu. Mjukuu alipakwa samli kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole, kila jioni, ili itoshe. Kikopo kilipokwisha, mama alikiosha akakianika dirishani. Siku ya kurudi alilipanga begi lake mwenyewe, akakijaza kikopo mafuta ya nazi aliyopewa na wakwe, akakitia katika mfuko unaong'aa na kuushika mkononi kabla hata hatujafika kwenye foleni.

Mkaguzi wa kiwanja kile alikuwa binti mdogo. Akamwuliza kwa upole: "Mama, una mzigo?"

Mama akanitazama kwanza. Kisha akajibu kwa Kiswahili chake, polepole, akilitafuta kila neno:

"Mzigo ninao. Omuzigo sina."

Binti hakuelewa, akacheka tu kwa adabu, akausukuma mfuko ndani ya mashine.